Kilichotolewa Begani: Pembe, Sindano na Kisu kati ya Nakivale na Mbarara

Tiba za bega zilizopata sifa kubwa, kwetu na ughaibuni, zimejengwa juu ya dhana moja: ndani ya bega kuna kitu kibaya, na maumivu yatakwisha kikitolewa. Mwumikaji wa Ankole alitoa damu. Mpasuaji wa New York alitoa kipande cha mfupa. Bahari, elimu na fedha nyingi ziliwatenganisha wawili hao, lakini walichomwahidi mgonjwa kilikuwa kimoja, na mgonjwa aliondoka na ushahidi aliouona kwa macho yake: damu nyeusi iliyoganda ndani ya pembe, au kovu na picha ya eksirei. Nadai kwamba dhana hiyo ya kutoa ndiyo iliyotuchelewesha. Mkulima wa Rugaaga na mkimbizi wa Nakivale ambao bega limewauma mwaka mzima huamini kwamba tiba ya kweli iko mbali nao, Mbarara, Kampala au Nairobi, na kwamba umaskini ndio uliowazuia kuifikia. Wamenyimwa kitu kweli, lakini sicho hicho wanachokidhani.

Rugaaga ni gombolola la wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Jirani yake ni makazi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo yalifunguliwa kati ya 1958 na 1960 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Wimbi halikukoma hapo. Mwaka 1982, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi vijijini Ankole, eneo linalouzunguka mji wa Mbarara, walifukuzwa makwao na wengi wakakimbilia humo. Baada ya 1994 walikuja Wanyarwanda wengine, kisha Wakongomani wa Kivu, Wasomali, Waethiopia, na mwaka 2015 Warundi. Leo ni watu zaidi ya 100,000. Uganda ina desturi ya kumpa mkimbizi kipande cha ardhi alime, kwa hiyo Nakivale si kambi ya watu waliokaa wakisubiri mgao. Ni nchi ya jembe, ya mahindi na maharage, ya matoke upande wa wenyeji, na ya jerikani la lita 20 linalopandishwa kichwani na kushushwa, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Bega la huku huchoka kwa kazi inayojulikana. Na kila wimbi la watu lilikuja na namna yake ya kulitibu. Watu wa Maziwa Makuu walikuja na pembe na wembe, pamoja na chale zinazopakwa dawa. Wasomali walikuja na desturi ya kuchoma ngozi kwa moto palipo na maumivu. Waislamu wa mataifa mbalimbali walikuja na kuumika kwao kwenye msingi wa dini. Sehemu chache za Afrika Mashariki zimekutanisha tiba nyingi za kiungo kimoja katika eneo dogo kiasi hiki, na inasikitisha kwamba historia hiyo haijapewa uzito wowote na wanaopanga huduma za afya.

Tuanze na pembe, kwa sababu imedharauliwa isivyostahili. Mwumikaji huchanja ngozi kidogo, huweka mdomo mpana wa pembe ya ng'ombe au mbuzi juu ya mchanjo, hunyonya hewa kupitia tundu la ncha, kisha huziba tundu kwa nta. Pembe hubaki imeng'ang'ania bega, na damu hutoka polepole. Wageni wa karne ya 19 waliona mambo haya kuwa ushenzi, lakini si wote. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga wa Kiafrika akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, pombe hiyo ikatumika pia kuoshea mikono na tumbo, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa misumari ya chuma. Felkin aliichapisha habari hiyo mwaka 1884, naye hakuficha kwamba alichokiona kilikuwa ufundi. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kuwa mikono ya eneo hili ilijua kukata, kuzuia damu na kusubiri. Pembe ilitoka katika ujuzi huo huo. Na nafuu inayotoa si ya kubuni: vipimo vya kuumika vilivyofanywa China na Ujerumani, zaidi kwa maumivu ya shingo, vimeonyesha unafuu wa muda mfupi. Kasoro ya vipimo hivyo ni kwamba mgonjwa hujua fika kama ameumikwa au la, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya pembe na kazi ya imani, ya kushikwa na ya kuhudumiwa. Swali hili la kutenganisha litarudi, na litawagusa wakubwa kuliko mwumikaji.

Kilichoipunguzia pembe heshima kilikuwa sindano, kabla ya hospitali kujengwa karibu. Katika miaka ya 1920 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianza kampeni dhidi ya buba, mwanzo kwa dawa za aseniki na bismuthi, na baada ya vita vya pili vya dunia kwa penisilini. Vidonda vilivyomtesa mtu miaka mingi vilikauka kwa siku chache. Hakuna hotuba ya daktari iliyowahi kufundisha watu kitu kwa nguvu kama hiyo: sindano huponya. Somo hilo lilikaa hata mfumo wa afya uliolileta ulipovunjika. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, wakiwemo madaktari na wenye maduka ya dawa. Mapema mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa kulipiza uharibifu uliofanywa na majeshi ya Amin huko Kagera, Tanzania. Hospitali zikabaki kuta bila dawa. Watu wakajipa tiba wenyewe, na watafiti wa Uganda, akiwemo Harriet Birungi, waliandika katika miaka ya 1990 jinsi familia zilivyokuwa zikitunza bomba la sindano nyumbani na kumwita jirani anayejua kudunga. Hofu ya Ukimwi ndiyo iliyowafanya watake bomba lao wenyewe, na hofu hiyo hiyo iliuondoa wembe wa kuchangia kwenye kazi ya mwumikaji. Huo ni uangalifu wa watu walioachwa peke yao, na unastahili heshima.

Lakini sindano ya duka la dawa na sindano ya bega ni mambo mawili. Ya kwanza, mara nyingi diklofenaki, hudungwa takoni, hutuliza mwili mzima kwa saa kadhaa, na ikirudiwa ovyo huumiza figo na tumbo. Ya pili ni kotisoni inayoingizwa kwenye kiungo chenyewe au katika nafasi iliyo chini ya ncha ya bega. Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic waliitumia kotisoni kwa baridi yabisi kuanzia 1948 na wakapewa Nobel mwaka 1950. Mwaka uliofuata Joseph Hollander wa Philadelphia alitangaza kuiingiza moja kwa moja ndani ya viungo. Ni tiba nzuri kwa kipimo chake, na kipimo chake ni majuma. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao GRASP, uliotangazwa mwaka 2021 baada ya kuwafuata watu 708 wenye matatizo ya kano za bega, ulikuta kwamba waliodungwa kotisoni walipata nafuu ndogo zaidi kwenye wiki ya nane, na baada ya mwaka hawakuwa na tofauti na wasiodungwa. Anayedungwa kila mara bega linapouma analipia majuma machache yale yale, na kano zake zinaweza kudhoofika.

Sasa kisu. Mwaka 1872 Simon Duplay wa Paris aliyaeleza maradhi ya bega lililokaza, akapendekeza mgonjwa alazwe kwa dawa ya usingizi na mkono uzungushwe kwa nguvu mpaka mshikamano ukatike. Mwaka 1934 Ernest Codman wa Boston alitoa kitabu kizima kuhusu bega, na hali hiyo akaiita bega lililoganda. Mwaka 1972 Charles Neer wa New York alifafanua upasuaji uliotawala nusu karne iliyofuata. Aliona kwamba kano za bega husagwa na ncha ya mfupa wa kombe la mkono ulio juu yake, kwa hiyo akauchonga mfupa huo ili kano zipate nafasi. Katika miaka ya 1980 Harvard Ellman alionyesha jinsi ya kufanya kazi hiyo kwa kamera kupitia matundu madogo. Maelezo yalikuwa mepesi, picha zilivutia, na idadi ikapanda: Uingereza peke yake ilitoka upasuaji wa namna hiyo kama 2,500 kwa mwaka karibu na 2000 hadi zaidi ya 21,000 miaka kumi baadaye. Madaktari wengi wa Afrika waliosomea nje walirudi wakiamini kuwa hiki ndicho kilele, na kwamba kutokuwa nacho ni kuwa nyuma.

Ndipo lilipokuja lile swali la kutenganisha. Watafiti wa Uingereza, katika jaribio la CSAW lililotangazwa mwishoni mwa 2017, waliwagawa kwa bahati nasibu watu 313 wenye maumivu ya bega ya miezi mitatu au zaidi. Kundi moja lilichongwa mfupa. La pili liliingiziwa kamera bila mfupa kuguswa. La tatu halikupasuliwa kabisa, likawa linafuatiliwa tu. Waliochongwa na walioingiziwa kamera tu walikuwa sawa. Tofauti yao na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno kumfaa mgonjwa. Mwaka 2018 Wafini, katika jaribio la FIMPACT, waliwafuata wagonjwa kwa miaka miwili na kuona jambo hilo hilo. Mwaka 2019 jopo la jarida la BMJ likatoa pendekezo zito la kuacha upasuaji huo kwa maumivu ya kawaida ya aina hii. Mfupa uliotolewa haukuwa na hatia. Nafuu waliyoipata wagonjwa yaelekea ilitokana na muda, mapumziko na mazoezi ya baada ya upasuaji, na imani kwamba tatizo limetolewa. Ukiyaweka matokeo hayo kando ya pembe ya Ankole, utaona ni kwa nini ninazihesabu tiba hizi mbili kuwa jamaa.

Kuna atakayesema kuwa ulinganisho huu unaitukana sayansi. Haupaswi kuonekana hivyo, maana tofauti kubwa iko pale pale: wapasuaji walikubali kujipima hadharani, kwa hasara ya kazi iliyowalisha, na wakachapisha jibu wasilolipenda. Hakuna chama cha waumikaji kilichofanya hivyo. Codman mwenyewe alipoteza nafasi yake katika Massachusetts General Hospital mwanzoni mwa karne ya 20 akishikilia kwamba kila mgonjwa afuatwe kwa muda wa kutosha ili ijulikane kama tiba ilimfaa. Wenzake walimwona msumbufu. Alichokidai kinafaa kudaiwa pia kwa pembe, kwa moto wa Kisomali, kwa diklofenaki ya dukani na kwa tiba yoyote itakayoletwa Isingiro na mradi wowote, hata ikija imefungwa kwenye sanduku jipya lenye nembo ya wafadhili.

Bega lililoganda linahitaji maneno yake, kwa kuwa hapo kukaza ni kwa kweli na si maumivu tu. Mwaka 2020 jaribio la UK FROST, lenye wagonjwa 503 katika hospitali 35, lililinganisha mambo matatu: kuzungusha bega chini ya dawa ya usingizi kama alivyotaka Duplay, kukata mfuko wa kiungo kwa kamera, na mazoezi yaliyopangwa pamoja na sindano ya kotisoni. Baada ya mwaka, hakuna iliyozishinda nyingine kwa kiwango cha maana kwa mgonjwa. Matatizo makubwa yalikuwa machache, na mengi ya hayo yalikuwa upande wa kukata. Codman aliamini kuwa ugonjwa huu huisha wenyewe kwa kama miaka miwili. Hapo alivuka mpaka wa ushahidi, maana ufuatiliaji wa miaka mingi uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa bado wana maumivu au ukakamavu kidogo. Hata hivyo mhudumu wa kituo cha afya anaweza kufanya jambo moja la thamani bila kamera wala dawa ya usingizi. Bega lililoganda huwapata zaidi wenye kisukari, kwa hiyo anayekuja nalo apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kipimo cha tone la damu kinaweza kuwagundua watu ambao kiungo kiliwaonya kabla ya macho na figo.

Kuna tiba moja ya sindano ambayo historia imeitendea vibaya, nayo ni kuutia ganzi mshipa wa fahamu unaopita juu ya kombe la mkono kwenda kwenye bega. Wertheim na Rovenstine waliieleza mwaka 1941. Haihitaji mashine: anayejua alama za mfupa huweza kuzitafuta kwa vidole vyake na kudunga, na dawa yake ni ganzi ya kawaida inayopatikana katika chumba cha upasuaji. Hutuliza kwa majuma, muda wa kutosha kwa mgonjwa kuanza kuusogeza mkono aliouogopa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kuanza na udaktari, kinafundisha pia wataalamu wa usingizi na ganzi. Kama kuna sindano inayostahili kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mbarara hadi Rugaaga, ni hii. Wala haidai kutoa kitu. Inafungua mlango wa mazoezi tu, na ndiyo maana haijawahi kuwa na wapambe.

Na mazoezi ndiyo tiba ambayo Uganda imeijua lakini haikuisambaza. Ronald Huckstep, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kuanzia 1960 na kuwa profesa wa kwanza wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Makerere, alijenga utaalamu huo juu ya watoto wa polio, kwa vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa hapo hapo. Ilikuwa kazi kubwa, na ilifundisha nchi kuwa kiungo hurudishwa kazini kwa mikono ya mtaalamu wa viungo pia, si kwa kisu pekee. Lakini wataalamu hao walibaki mijini na katika hospitali kubwa. Sera ya afya ya mwaka 1999 ilipounda vituo vya ngazi ya nne kama cha Rugaaga, chumba cha upasuaji kiliwekwa kwa ajili ya kina mama wanaoshindwa kujifungua na dharura nyingine, jambo la haki kabisa. Mwaka 2001 ada zikafutwa na foleni zikarefuka. Bega halikuwa na mwenyewe katika mpango huo.

Hapa GRASP ina habari njema kuliko zote, ingawa ilipokewa kama habari ya kukatisha tamaa. Kundi moja lilipewa vikao hadi sita na mtaalamu wa viungo. Lingine lilipewa kikao kimoja, cha hadi saa moja, cha kueleza tatizo, kuonyesha mazoezi machache na kumpa mgonjwa ya kwenda nayo nyumbani. Baada ya mwaka walikuwa sawa. Maana yake ni kwamba tiba ya bega inayokosekana Rugaaga inaweza kuwa saa moja: ya mtu aliyefundishwa, asiyekatishwa na foleni, anayezungumza Kinyankole kwa mwenyeji, na Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali kwa mkimbizi. Vifaa vya kamera vya Ellman vingegharimu fedha nyingi. Saa hiyo inagharimu mshahara na mafunzo.

Najua pingamizi lake, na si dogo. Je, huku si kuwaambia maskini waridhike na kidogo huku matajiri wakipasuliwa? Ingekuwa hivyo kama upasuaji ungekuwa bora na tukawanyima. Matajiri wa Uingereza na Finland wameambiwa wauache. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwanamke anayelima tangu alfajiri na kubeba maji jioni anahitaji mazoezi gani tena? Jibu ni kwamba jembe hulipa bega mzigo ule ule, upande ule ule, bila kupumzika na bila kupanda taratibu, ilhali mazoezi ya tiba huanza na mzigo mdogo na kuuongeza kano zinapoweza. Lakini nakubali kuwa hayawezi kushinda mzigo usiopungua. Bomba la maji likisogezwa karibu na nyumba, ni tiba ya bega. Mgao wa chakula ukipunguzwa na mtu akalazimika kulima vibarua kwa mwingine baada ya kulima kwake, bega hulipia. Wanaohesabu gharama za maji na chakula Nakivale hawajawahi kuliweka bega katika hesabu zao, na hilo ni kosa la hesabu ambalo linaweza kusahihishwa.

Wapo ambao saa moja haitawatosha, na hao lazima wapande gari waende Mbarara bila kucheleweshwa: aliyeanguka na ghafla hawezi kuinua mkono, aliyeteguka, mwenye homa na bega lililovimba, anayekonda na kutoka jasho usiku kwa sababu kifua kikuu huingia viungoni, na mwenye selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa mkono kinaweza kufa kwa kukosa damu. Kuwatambua hao ni sehemu ya saa ile ile. Wagonjwa wa Uganda huja kliniki na daftari la shule, na mhudumu huandika humo ugonjwa na dawa. Daftari hilo husafiri na mkimbizi anapohama kutoka Juru kwenda Rubondo, maeneo ya ndani ya Nakivale, au kurudi kwao Kongo, kazi ambayo kadi alizotumia Codman kuwafuata wagonjwa wake Boston hazikuweza kuifanya. Inatosha kuongeza mstari mmoja kila anapokuja: mkono unainuka hadi wapi, nyuma ya mgongo unafika wapi, usiku analala upande gani. Mwumikaji naye anaweza kuombwa auandike.